Punje Tatu kwenye Mwamba wa Nje

Mimi ni mvuvi ninayeogopa maji. Nalisema hili kwanza, kabla hujanizoea, kwa sababu watu wa kisiwa cha Matoro waliishi nami miaka miwili bila kulijua. Walipolijua, walilijua wote kwa siku moja, jua likiwa utosini.

Jina langu ni Monari. Nilizaliwa milimani Kisii, mahali ambapo maji ni kitu cha kuteka na kuchemsha. Nilikuja Matoro kuuza ndizi, nikampenda Abonyo, binti wa mvuvi, nikabaki. Wajaluo wa hapa waliniita Jakisii, yaani mtu wa Kisii, na walinicheka kwa vile nilivyoshika kasia kama mwiko wa ugali. Nilijifunza hivyo hivyo. Kwa miaka kumi na mitano nilivua maji makubwa pamoja na mwenzangu Masese, mpaka siku boti yetu ilipopinduka. Sitaki kulieleza sana jambo hilo. Nilikuwa nimemshika shati, halafu nikawa nimeshika maji matupu. Tangu siku hiyo, maji yakinizunguka pande zote, miguu inakufa ganzi, mikono inakataa kazi, na pumzi inapita kwa shida.

Mvuvi asiyevua atakula nini kisiwani? Na binti yetu Kemuma yuko shule ya bweni huko Kosele, ng'ambo, bara. Wiki tatu nilisingizia malaria. Wiki ya nne Abonyo alichukua koti langu la mvua, akavaa na kofia yangu, akasema tu, "Wewe kaa kwa mtumbwi. Mimi nitavua."

Hapo inafaa ujue kitu kimoja. Huku kwetu mwanamke hapandi mtumbwi wa kuvua. Atapanda boti ya abiria kwenda Homa Bay, ataanika omena, wale dagaa wadogo wa ziwani, atauza, atabeba. Lakini akigusa mtumbwi wa kazi, wanaume watasema samaki wamekimbia na nyavu zimeingia nuksi. Babake Abonyo hakupata mtoto wa kiume. Alimfundisha binti yake kwa siri katika ghuba iliyo nyuma ya nyumba yao, ambayo sasa ni nyumba yetu. Ghuba hiyo inaitwa Rao, yaani kiboko kwa Kijaluo, kwa sababu humo anaishi mmoja. Wavuvi wengine hawaingii humo. Abonyo anajua saa ambazo kiboko hutoka kula na saa anazorudi kulala, na anajua njia za katikati ya mafunjo ambako ngege, wale perege wa ziwani, hujificha.

Basi tulikuwa tukitoka alfajiri, kabla watu hawajatambuana sura. Yeye anapiga kasia, anatega, anavuta. Mimi nimekaa mbele, mgongo nimeupa maji, uso nimeuelekeza nchi kavu, macho nimeyafumba na mikono imeng'ang'ania kingo za mtumbwi. Tukirudi, anashukia kwenye mafunjo na kukimbia nyumbani, mimi nauvuta mtumbwi kwa kamba nikitembea kando ya maji, nabeba samaki hadi ufuoni kama dume. Wakiniuliza, "Jakisii, ngege hizi umetoa wapi?" nilikuwa nikijibu, "Mwamba wa Nje." Mwamba wa Nje uko mbali kwenye maji ya wazi, mahali ambapo hata wenye injini hufikiri mara mbili. Nilikuwa nikichagua uongo mkubwa kwa makusudi, maana ule mdogo hufuatiliwa. Nao walinisifu. Na mimi, Mungu anisamehe, nilizipenda sifa zao.

Mtu mmoja tu alihisi. Mama Asiya, Msomali wa Garissa mwenye duka la nyuzi na taa pale ufuoni, siku moja aliniuliza wavu wangu ni wa inchi ngapi. Nikakwama. Akanitazama, akacheka taratibu, akasema, "Mke wako hakwami." Hakulirudia tena neno hilo.

Ndipo akaja afisa wa samaki, Mwikwabe, kijana Mkuria kutoka Ntimaru. Alikulia kwenye mashamba ya mahindi na samaki alisomea vitabuni, na kwa kuwa Kijaluo hakijui, mambo yote yalikwenda kwa Kiswahili. Hakuwa mtu mbaya. Tulikusanyika katika darasa la shule ya msingi, akabandika ukutani ramani ya kisiwa chetu, akaeleza kwamba samaki wanapungua kwa sababu hawapewi mahali pa kuzaa kwa amani, na kwamba kila kisiwa kitachagua sehemu moja ya kufungwa. Kila mvuvi mwenye kadi alipewa punje tatu za mahindi azipake gundi na kuzibandika pale anapovua.

Wanawake waliwekwa darasa la pili, wakaulizwa wanateka maji wapi na wanaanika omena wapi. Ukuta kati ya madarasa haukufika juu. Nilimwona Abonyo amesimama kwenye benchi, kidevu chake juu ya matofali, ananitazama.

Zamu yangu ilifika. Watu zaidi ya arobaini walikuwa nyuma yangu, na mwenyekiti wa kamati ya ufuo, mzee Obare, aliniita, "Haya Jakisii, tuonyeshe Mwamba." Wakacheka kwa kunipenda. Mkono wangu ulipita juu ya ghuba ya Rao. Ninaapa ulisimama hapo. Kisha ukaendelea, nikabandika punje zote tatu kwenye Mwamba wa Nje, moja juu ya nyingine karibu zianguke.

Mwikwabe akarudi nyuma akaiangalia ramani. Mahindi yalikuwa yamezunguka kisiwa chote, isipokuwa mahali pamoja.

"Hapa hakuna mtu," akasema, akaweka kidole kwenye Rao. "Maji ni ya kina kifupi, mafunjo iko, upepo haifiki. Hii ni nyumba ya ngege kabisa. Tukifunga hapa hatuumizi mtu."

"Hapo ni kwa kiboko," Obare akasema. "Chukua tu. Hata bure."

Wakapiga makofi. Mimi pia nilipiga. Ukitaka kujua unafiki ni nini, ni sauti ya viganja vyangu siku ile. Nilipogeuka kutazama ukuta, kidevu cha Abonyo hakikuwapo.

Nilimkuta jikoni anaparua viazi kwa hasira, maganda yanaruka mpaka mlangoni.

"Umetufungia mlango, baba Kemuma," akasema. "Na wewe mwenyewe ukawa ndani."

"Kuna siku kumi na nne za kupinga," nikasema. "Afisa amesema kuna fomu."

"Basi enda uandike."

"Niandike nini? Kwamba nilidanganya? Kwamba mke wangu ndiye—"

"Andika hivyo hivyo. Mimi sina kadi. Nikienda mimi wataniuliza, wewe unavua na kadi ya nani?"

Alikuwa na haki kwa kila neno, na ndiyo maana nilimkasirikia. Nilimwambia tuhamie upande mwingine wa kisiwa. Akaniuliza ni upande upi ambao hakuna macho ya watu. Nilimwambia tuuze mtumbwi tufungue kibanda cha ndizi. Akaniuliza kama ndizi za kisiwa kizima zitamweka mtoto shule. Nilimwambia huenda samaki wakizaliana tutafaidi baadaye. Hapo alipunguza sauti.

"Hiyo ya kuzaa ni kweli," akasema. "Mimi ndiye ninajua mahali zinazalia. Baba alinikataza kutega kwa ile kona miezi ya mvua, na sijatega. Afisa angeniuliza ningemwonyesha kona yenyewe, afunge hiyo, atuachie mdomo wa ghuba. Lakini nani ataniuliza?"

Siku zikapita. Siku ya tano nilikwenda mpaka mlango wa ofisi ya kamati, nikamkuta Obare, tukazungumza habari za mbegu za mahindi, nikarudi. Siku ya tisa nilichukua fomu. Niliikunja mara nne nikaitia mfukoni, na huko ikakaa mpaka jasho likaufuta wino. Usingizi ulinihama. Kisiwa cha Matoro unaweza kukizunguka kwa miguu kwa muda wa saa moja na nusu, nami nilikizunguka kila siku, na kila nilipoelekea nilikutana na mtu wa kunisalimu, "Jakisii, Mwamba unasemaje?" Sikuwahi kujua kwamba sifa zinaweza kumbana mtu kiasi hicho.

Siku ya kumi na tatu Obare alikuja nyumbani amechangamka. Kesho Mwikwabe anaweka maboya ya kuzunguka Rao, akasema, na kamati inatakiwa itoe mvuvi wa kumwongoza, mtu asiye na maslahi pale. "Nikawaambia, nani yuko mbali na Rao kuliko Jakisii? Punje zake ziko mwisho wa dunia." Akanipiga bega. Abonyo alikuwa ameinamia jiko, akipuliza moto uliokuwa tayari unawaka.

Obare alipoondoka nilimsihi Abonyo atoe wavu wetu ghubani kabla ya asubuhi.

"Sitoi," akasema.

"Wataukuta."

"Waukute. Huo wavu utasema, ikiwa wewe huwezi."

Hivyo ndivyo nilivyopanda boti ya injini asubuhi ile, nimevaa jaketi la kuokolea lililonibana kwapa, pamoja na Mwikwabe, Obare na mwendeshaji. Maboya yalikuwa mitungi ya plastiki ya manjano, kila mmoja umefungiwa tofali la saruji kwa kamba. Nilijifanya nimekaa chini ili nishike kamba zisichanganyike. Ukweli ni kwamba miguu ilikuwa imeshakufa kabla hatujatoka kwenye mchanga.

"Tupa hapa?" Mwikwabe aliniuliza.

"Tupa," nikasema, na kwa mkono wangu nilisukuma boya la kwanza. Halafu la pili. La tatu lilikuwa karibu kabisa na mlango wa jikoni kwetu, nikauona moshi wetu juu ya mafunjo. Niliifunga ile ghuba kwa mikono yangu, boya baada ya boya.

Kabla ya boya la sita, injini ilikwama. Mwendeshaji akainama, akatoa kwenye pangaboi vipande vya uzi, na nyuma ya uzi ukafuata wavu wenye vielea vya waridi. Vielea hivyo vilikuwa vimekatwa kutoka patipati za Kemuma za darasa la sita. Kimoja kilikuwa bado na ua la plastiki.

"Wavu ya nani hii?" Obare akauliza.

Mwikwabe alipima matundu kwa rula. "Inchi tano. Ni halali. Lakini haina namba, na mlisema hapa hakuna mtu." Akanitazama mimi, kwa kuwa nilikuwa mwongozaji. "Mzee Monari, unaijua?"

Ulikuwa mwanya mpana kabisa, na tulikuwa watu wanne tu. Nilifungua mdomo.

"Siijui," nikasema.

Ufuoni walikuwa wamekusanyika watu wengi, maana injini ikikawia watu hudhani kuna maiti. Kwa kanuni ya kamati, wavu usio na mwenyewe huchomwa hadharani. Waliurundika kwenye mchanga, mtu akaleta mafuta ya taa. Mwikwabe hakutaka haraka. Alisema wavu wenyewe ni halali, mwenyewe akijitokeza ataandikiwa namba na atarudishiwa, na kwa kuwa leo ndiyo siku ya mwisho ya pingamizi, angetaka pia kumsikia. Aliita mara ya kwanza. Aliita mara ya pili.

Obare akanipa kiberiti. "Wewe ndiye ulikuwa kwa boti, Jakisii. Maliza kazi."

Nilikishika. Vielea vya waridi vilikuwa juu ya rundo, na nikakumbuka jinsi Abonyo alivyokuwa akivikata kwa kisu cha jikoni, ulimi umetokeza pembeni ya mdomo, mimi nikimshikia tochi. Nikamwona nyuma ya umati, amesimama karibu na duka la Mama Asiya na mikono yake imeshuka. Hakuwa ameudhika. Alikuwa amechoka na mimi, na hilo liliniuma zaidi.

Mwikwabe akaita mara ya tatu.

"Ni wa mke wangu," nikasema.

Kisha mtu mmoja akacheka, na baada yake kisiwa kizima. Walicheka mpaka wengine wakashika magoti. Obare akapangusa macho, akamgeukia Mwikwabe. "Usijali, bwana afisa. Huyu Jakisii ni mtu wa mzaha."

"Si mzaha," nikasema. "Ni Abonyo anavua. Mimi huwa nakaa tu. Naogopa maji."

Wakacheka zaidi. Nilisema mara nyingine, kwa sauti zaidi, na kila nilivyoapa ndivyo walivyozidi kuburudika. Miaka miwili nilikuwa nimewalisha uongo wakaumeza, na siku ya kuwapa ukweli walikuwa wameshiba. Nilijisikia kama mtu anayegonga mlango kutoka ndani, na walioko nje wanapigia makofi mlio wake. Mama Asiya peke yake hakucheka.

Abonyo alipita katikati yao. Alifunga leso yake upya, juu ya magoti, akaenda moja kwa moja mpaka kwenye mtumbwi wetu uliokuwa umevutwa mchangani, akausukuma majini kwa bega. Kicheko kilikatika.

"Min Kemuma, toka hapo," Obare akasema, yaani mama Kemuma. "Hicho ni kitu ya kazi."

"Umekula samaki yangu miaka mbili, chairman," Abonyo akajibu. "Ilikuwa na ladha ya mwanamke?"

Abonyo akamtazama Mwikwabe. "Iko wavu ingine ndani, kwa mafunjo. Injini yako haijaifikia. Nifuate, nikuonyeshe mahali ngege inazalia na mahali haizalii. Hizo maboya zako mbili ziko mahali si yake."

Mwikwabe alikuna kichwa. Alisema angependa kuona, lakini pingamizi husikilizwa kwa mvuvi mwenye kadi, na mwenye kadi lazima awe kwenye mtumbwi. Kadi ilikuwa na jina langu.

"Baba Kemuma," Abonyo akasema, si kwa ukali. "Lete kasia."

Nilimpelekea kasia. Maji yalinifika magotini. Nikaingia mtumbwini mbele ya watu wote wa Matoro, nikakaa kama nilivyokaa siku zote: mgongo kwa maji, uso nchi kavu, mikono kwenye kingo. Nilisahau kitu kimoja tu. Alfajiri, huko nchi kavu nilikokuwa nikielekeza uso, hapakuwa na mtu. Sasa walikuwa wote, wamejipanga, na mimi nawatazama wakinitazama nikitetemeka. Nilitaka kufumba macho kama kawaida yangu. Nikaona aibu kuyafumba, nikayaacha wazi, machozi yakashuka na sikuwa na mkono wa kuyafuta. Hakuna aliyecheka.

Abonyo alipiga kasia kwa utulivu, akapita kati ya boya la tatu na la nne, akaingia kwenye njia zake za mafunjo. Boti ya Mwikwabe ilitufuata injini ikiwa imezimwa, wakijisukuma kwa mti. Nilisikia wavu ukivutwa, maji yakidondoka, samaki wakipigapiga sakafu ya mtumbwi. Abonyo alikuwa akieleza: hapa usiguse, hapa miezi ya mvua tu, hapa ni njia ya kiboko. Mwikwabe alikuwa akiandika haraka, akimwomba arudie.

Mwishowe akasema hawezi kuahidi kitu. Karatasi zitakwenda Homa Bay, huko ndiko wataamua kama mstari utasogea, na mpaka waamue Rao yote imefungwa, kwetu na kwa kila mtu. Inaweza kuwa mwezi. Inaweza kuwa mwaka. Abonyo alianza kuwarudisha samaki majini mmoja mmoja, maana tayari hawakuwa wetu.

Mwikwabe alitoa punje ya mahindi mfukoni, akaibandika kwenye ramani yake ndogo, ndani ya ghuba.

"Jina la mvuvi?" akaniuliza mimi, kwa kuwa kadi ilikuwa yangu.

Nilikuwa bado nimeshika kingo. Nilitazama nchi kavu, moshi wa jikoni kwetu, mlango uliokuwa wazi.

"Abonyo," nikasema. "Andika Abonyo."